Kutu ya Pwani na Vyuma vya Kinga vya Pikipiki

Muyeye ni mtaa wa Malindi, upande wa kusini wa mji, wala hauko mbali na bahari. Humo, kama katika mitaa yote ya pwani, pikipiki imekuwa mguu wa pili wa watu. Humpeleka mgonjwa hospitalini, humrudisha karani nyumbani jioni, na huchukua magunia ya mahindi, madumu ya maji na vikapu vya samaki. Kazi hii ya kuchukua abiria ilianza kwa baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, na ndiyo asili ya jina la bodaboda. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki zenye injini isiyofika sentimita za ujazo 250, na baada ya hapo zikaenea mjini na mashambani.

Mtu anunuapo pikipiki, aghalabu hukawii kumwona kwa fundi wa kuchomelea, ili atengenezewe vyuma vya kinga. Hivi ni vile vyuma vya bomba vilivyopindwa, vifungwavyo mbele ya injini kulia na kushoto, ili pikipiki ikianguka vitangulie kugusa ardhi. Fundi akisha kupima na kukata na kuchomelea, humwuliza mwenyewe, "Nivipake nini, bwana?" Mmoja hujibu kuwa ataka rangi nyeusi. Mwingine ataka ving'ae kama kioo. Wa tatu husema, "Chochote, fundi, mradi kiwe rahisi." Swali lile laonekana kuwa la mapambo tu. Hasha! Huku pwani ni swali la fedha, na pengine ni swali la mguu wa mtu.

Kazi ya vyuma hivi

Kabla ya kuchagua mpako, yafaa kujua chuma chenyewe ni cha kazi gani. Watu wengi hudhani ya kuwa vyuma hivi huokoa miguu katika ajali kubwa. Jambo hili lilichunguzwa huko Marekani. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa taarifa juu ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza katika eneo la Los Angeles. Waliona ya kuwa vyuma vya kinga vilipunguza majeraha ya kifundo na wayo, lakini majeraha ya goti, muundi na paja yalizidi, hata faida ile ikalingana na hasara. Basi mtu asiende mbio kwa kuvitumainia. Wala visimfanye asahau kofia ngumu, ambayo sheria ya Kenya yamtaka mwendeshaji na abiria wake waivae.

Kazi yake hasa ni ndogo kuliko hiyo, lakini ni ya kila siku. Pikipiki huteleza katika mchanga. Huanguka ikiwa imesimama na mzigo. Husukumwa na kukwaruzwa palipo na msongamano. Hapo chuma hupokea pigo, na kanyagio la gia, mshikio wa breki, tangi la petroli na ubavu wa injini husalimika. Kwa mtu alaye kwa kazi ya bodaboda, kanyagio lililovunjika ni siku iliyopotea, na ikiwa pikipiki yenyewe yalipiwa kidogo kidogo, deni halisubiri.

Sasa msomaji na aangalie jambo moja. Chombo hiki kimetengenezwa makusudi kipigwe, kikwaruzwe, kiburuzwe juu ya changarawe na mawe ya matumbawe. Si kama tangi ambalo mwenyewe hulitunza lisipate hata alama. Kwa hiyo mpako wake usipimwe kwa sura yake ya siku ya kwanza, bali kwa jinsi unavyokilinda chuma baada ya kukwaruzwa. Kanuni ni hiyo, na mashauri yote yafuatayo yatoka humo.

Chumvi ya hewani

Chuma cha kawaida hushika kutu kwa sababu ya vitu viwili, maji na oksijeni iliyomo hewani. Chumvi si ya lazima, lakini huharakisha mambo. Kutu ni kazi ya umeme mdogo upitao kutoka sehemu moja ya chuma hata nyingine, na maji yenye chumvi huupitisha umeme huo vizuri zaidi kuliko maji matupu. Tena chumvi huvuta unyevu wa hewani, hata chuma kionekanacho kikavu kwa macho kikawa bado kina maji juu yake.

Mtu wa Malindi hana haja ya kuonyeshwa chumvi hiyo. Kaskazini ya mji, Gongoni na Marereni, maji ya bahari huingizwa katika mabwawa, jua na upepo huyakausha, na chumvi hubaki tele ikauzwa. Na mawimbi yapasukapo juu ya miamba, hasa wakati wa kusi, matone madogo mno hupeperushwa mpaka nchi kavu, yakakauka juu ya mabati, juu ya nondo za madirisha na juu ya pikipiki. Tazama nondo za dirisha lielekealo bahari, kisha uzilinganishe na za dirisha lililo nyuma ya nyumba ile ile. Utapata ushahidi bila ya kuuliza mtu.

Wataalamu wa vipimo vya kimataifa wameigawa hewa katika madaraja kwa ukali wake juu ya madini. Katika daraja la pili, ambamo huingia nchi kavu zenye hewa safi, chuma kisichopakwa kitu hupoteza unene usiozidi sehemu 25 za elfu za milimita katika mwaka wa kwanza. Katika daraja la tano, ambamo huingia pwani zenye chumvi nyingi, hupoteza sehemu 80 hadi 200. Bomba lenye unene wa milimita 2 halitaisha kwa mwaka mmoja, lakini likumbukwe kuwa lina pande mbili, na kutu ya ndani haionekani. Ndiyo sababu shauri la rafiki aliye Nairobi, yapata mita 1,700 juu ya bahari, si lazima limfae mtu wa Muyeye.

Kromu

Mpako upendwao na macho ni kromu, ule ung'aao kama kioo. Watu wengi hawajui ya kuwa kromu ya mapambo ni ngozi nyembamba mno, ambayo kwa kawaida haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Chini yake kuna nikeli, na nikeli ndiyo ifanyayo kazi kubwa ya kuyazuia maji. Ngozi hizo zikiwa nzima, chuma ki salama. Lakini mkwaruzo ukipenya, kromu na nikeli hazitajitoa kwa ajili ya chuma. Chuma ndicho kitakacholiwa, tena upesi, kwa kuwa nguvu yote ya kutu hukusanyika mahali pale padogo palipotoboka.

Baadaye kutu huvimba, huinyanyua ngozi, nayo hubanduka kama magamba ya samaki yenye ncha za kukata. Wala mahali pale hapawezi kuzibwa nyumbani. Mpako wote hauna budi kuvuliwa na chuma kuchovywa upya kiwandani. Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Msafiri wa bara aishiye penye hewa kavu, aioshaye pikipiki yake na kuifunika, aweza kukaa na kromu yake miaka mingi. Kwa pikipiki ilalayo nje Muyeye na kuanguka mara mbili kwa mwezi, ni fedha iliyotupwa.

Rangi ya unga

Siku hizi wengi husifu rangi ya unga. Unga mkavu wa rangi hutiwa umeme na kupulizwa juu ya chuma, nao hukishika. Kisha chuma huingizwa katika tanuri ya joto la nyuzi 180 hadi 200 za sentigredi, unga ukayeyuka na kuwa ganda moja gumu. Ganda hili ni zuri, ni sawasawa kila mahali, na lavumilia mikwaruzo midogo kuliko rangi ya brashi.

Ubaya wake waonekana baada ya pigo kubwa. Jiwe likilivunja ganda, maji ya chumvi hupenya chini yake na kutu hutambaa kimya kimya, huku juu pangali pang'aa. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwenye pikipiki huja kugundua siku chuma kinapokatika penye kiungo, siku ile ile alipokihitaji. Kwa hiyo atakaye rangi ya unga na amwulize fundi kama atapaka kwanza praima yenye zinki chini yake. Kisha kila mahali palipovunjika pakwanguliwe mapema mpaka kwenye chuma kisafi, ganda lililolegea litolewe, na praima na rangi zipakwe juu yake. Haitapendeza kama zamani, lakini chuma kitapona.

Rangi ya brashi

Rangi ya kawaida hudharauliwa kwa kuwa ni rahisi. Walakini ina sifa moja kubwa: mwenyewe aweza kuitengeneza jioni mbele ya nyumba yake, kwa kopo dogo na brashi. Sifa hiyo yafaa sana kwa chombo kikwaruzwacho kila mara.

Lakini faida ya rangi hutegemea kazi itanguliayo rangi. Chuma kiondolewe kutu, mafuta na lile ganda jeusi litokalo kiwandani, kwa brashi ya waya na msasa, mpaka kionekane chuma chenyewe. Kisha kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kikaushwe, na kufutwa kwa kitambaa chenye thina. Praima ya kuzuia kutu, na iliyo na zinki ni bora, ipakwe siku ile ile. Chuma kikilala wazi usiku mmoja karibu na bahari, chumvi imekwisha kutua juu yake. Praima ikikauka, rangi ya juu ipakwe mara mbili. Penye maungio, penye kona na chini ya bomba paongezwe, kwa maana ndipo rangi huwa nyembamba na ndipo maji hukaa. Fundi apakaye rangi juu ya kutu ameifunika kutu, hakuiondoa.

Mabaharia wa pwani hii walijua siri hiyo tangu zamani. Mbao za jahazi zilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu ikaayo majini ikapakwa deheni, yaani chokaa na shahamu. Hawakudhani ya kuwa wakipaka mara moja imetosha. Chombo kilipopandishwa pwani kilikwanguliwa na kupakwa upya, nacho kikarudi baharini kusafiri tena. Pikipiki ya pwani yataka moyo ule ule.

Zinki

Mpako wa nne hauna sura nzuri, lakini ndio uishindao chumvi kwa hekima. Mwaka 1837 Stanislas Sorel alipata hati huko Ufaransa kwa njia ya kukinga chuma kwa zinki. Njia itumiwayo viwandani ni kukisafisha chuma kwa asidi, kisha kukichovya katika zinki iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi 450 hivi za sentigredi. Zinki hushikamana na chuma, si kama nguo juu ya mwili, bali kama ngozi na nyama.

Ajabu yake ni hii. Zinki na chuma zikiwa pamoja katika maji ya chumvi, zinki huliwa kwanza. Hata mkwaruzo ukifika mpaka kwenye chuma, zinki iliyo kando yake hujitoa mhanga na chuma husalimika, mradi mkwaruzo usiwe mpana mno. Hakuna mpako mwingine kati ya hii tuliyoitaja ufanyao hivyo, isipokuwa ule uliotiwa zinki ndani yake. Ndiyo maana mabati ya nyumba zetu yamevikwa madini hayo, na huko Mariakani, katika Kaunti ya Kilifi yenyewe, kuna kiwanda kikubwa cha kazi ya mabati.

Bomba la unene wa milimita 2 likichovywa sawasawa, kipimo cha kimataifa chataka mpako wa wastani wa sehemu 55 za elfu za milimita. Katika hewa kali ya daraja la tano zinki huliwa sehemu 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka. Karani aliye karibu na kalamu yake na agawanye: atapata miaka 6 hadi 13 kabla chuma hakijabaki uchi, bila ya kuhesabu mikwaruzo. Rangi ifaayo ikipakwa juu ya zinki, muda huo huzidi sana.

Lakini kuna mambo matatu ya hadhari. Kwanza, bomba litakalochovywa lisizibwe ncha zote. Likizibwa, hewa na unyevu uliomo ndani hupata joto ghafula, na bomba laweza kupasuka kwa kishindo ndani ya zinki na kuwaua watu. Lazima litobolewe matundu ya kuingiza zinki na kutoa hewa, na matundu hayo yawe upande wa chini ili baadaye maji ya mvua yatoke. Pili, rangi ya mafuta ya kawaida haikai juu ya zinki mpya. Hubanduka, kwa hiyo yatakiwa praima iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki.

Tatu, fundi wengi hununua bomba lililokwisha kutiwa zinki, wakalikata na kulichomelea. Moto huiunguza zinki penye kiungo, na pale pabaki uchi hushika kutu kwanza. Paswakiwe, kisha papakwe rangi yenye zinki nyingi. Na moshi mweupe utokao wakati wa kuchomelea ni mbaya. Avutaye moshi huo aweza kushikwa usiku na homa, baridi, kiu na maumivu ya mwili, akadhani ni malaria. Zinki na ikwanguliwe kwanza penye kiungo, na kazi ifanywe nje, fundi akiupa upepo mgongo au ubavu ili moshi usimfikie usoni.

Chuma kisichoshika kutu

Wako wenye uwezo waulizao habari za chuma cha stenlesi, ambacho Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikitengeneza mwaka 1913. Hiki hakihitaji mpako. Kromu imechanganywa ndani yake, nayo hufanya ngozi isiyoonekana ambayo ikikwaruzwa hujirudia yenyewe kwa oksijeni ya hewani.

Hata hivyo si kila stenlesi ni sawa. Ya kawaida, iitwayo 304, hupata madoa ya kahawia na vishimo karibu na bahari. Ile ya 316, yenye molibdeni ndani yake, yavumilia chumvi zaidi. Yote ni ya bei kubwa, na kuchomelea kwake kwataka fimbo zake na mkono uliozoea. Tena isisuguliwe kwa brashi ya waya ya chuma cha kawaida, kwa sababu chembe zibakizo hushika kutu juu yake. Na pale ifungwapo kwenye mwili wa pikipiki pawekwe mpira katikati. Isipokuwa hivyo, chumvi ikiingia, stenlesi itabaki nzima na mwili wa pikipiki ndio utakaoliwa.

Basi achague nini?

Kwa mtu wa Muyeye na pwani yote ya Malindi na Kilifi, awezaye kupeleka vyuma vyake penye birika la zinki, shauri letu ni zinki ya kuchovya, na rangi juu yake akipenda. Asiyeweza, na achague rangi ya brashi juu ya praima yenye zinki, akiwa tayari kuirudia. Rangi ya unga ni ya tatu, kwa mwenye macho ya kukagua. Stenlesi ya 316 ni njema kwa mwenye fedha na fundi wake. Kromu na waachiwe watu wa bara.

Kisha chochote alichochagua akitunze. Mara moja kwa juma, na zaidi wakati wa kusi, vyuma vioshwe kwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya kisima kilicho karibu na bahari yaonjwe kwanza, maana mengine ni ya chumvi. Akisha kuosha, na apitishe mkono chini ya bomba, mahali macho yasipofika, na agonge polepole kwa kijiti cha chuma. Bomba zima hulia, na lililoliwa ndani hutoa sauti ya ubovu. Bolti zikazwe, na nyuzi zake zipakwe grisi. Kiungo kilichopasuka kisipakwe rangi ili kifichike, bali kirudishwe kwa fundi.

Dakika kumi za Jumapili zatosha kwa kazi hiyo, na kopo dogo la praima ni rahisi kuliko vyuma vipya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na fundi atakapouliza, "Nivipake nini, bwana?" mwenye pikipiki naye na amwulize kwanza, "Je, mpako huo ukikwaruzwa, itakuwaje?" Fundi ajuaye kazi yake atakuwa na jibu.